Kopo la Mafuta ya Kondoo

Olmotonyi
Jumamosi, 8 Februari 2025

Dada Sabina,

Nashilu amelamba kijiko cha mbuzi sasa hivi. Nimegeuka kidogo tu kufunga banda, kurudi nakuta kijiko cha mafuta kiko mdomoni na amekodoa macho kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Nikamnyang'anya, akalia, nikamrudishia kikiwa kitupu akanyamaza. Nakuandikia hili kwa sababu karatasi ya mradi inasema niandike kila kijiko kinachotoka kwenye dumu, na hicho kimoja hakikuingia kwa mbuzi.

Usishangae naandika barua kwenye daftari la kazi. Bwana mifugo Sakaya ameniambia daftari hili linashuka mjini kila Jumamosi na gari la maziwa, na wiki ya kutoa damu linafungwa juu ya boksi la barafu lenye vichupa, halafu Jumanne linarudi. Anayelisoma ni dada mmoja anaitwa Sabina, yuko Levolosi kwenye chumba cha kupimia. Nikasema kama kuna mtu anasoma, sio adabu kumwandikia "pumba kilo mbili, maji ndoo moja" bila hata salamu. Kwa hiyo shikamoo, kama umenizidi. Mimi ni Namnyaki, mama Nashilu, nina miaka ishirini na mbili, shule niliishia la saba. Mwandiko utanisamehe. Simu ya hapa ni ya mume wangu Gadiel, asubuhi anaenda nayo kwenye bustani ya miche, jioni anarudi nayo, kwa hiyo daftari ndio simu yangu.

Mbuzi wote wanane wapo. Wanne wa hereni nyekundu wanapewa pumba yenye mafuta ya alizeti, vijiko viwili kila mmoja. Wanne wa hereni nyeupe wanapewa pumba tupu. Nawafunga mbalimbali mpaka wamalize, kama mlivyosema. Wa kike ni wawili tu. Wa kahawia ana hereni nyekundu, nimemwita Sidai. Mweusi ana hereni nyeupe, nimemwita Namelok. Najua mlisema tusiwape majina, ila nikiwaita kwa namba hawageuki.

Hao wawili ndio roho yangu ilipo. Sakaya alinisomea mkataba mara mbili kwa sababu sikuamini. Nikifuata masharti mpaka damu ya mwisho mwezi wa tatu, wa kiume mnachukua, wa kike wanabaki, na wanabaki kwa jina langu. Sio la Gadiel, sio la ukoo. Dada, sijawahi kuwa na kitu chenye miguu kwa jina langu. Nashilu ana mwaka na miezi minne, kliniki wamesema damu yake ni ndogo, nami nawaza akikua kidogo awe anakunywa maziwa ya mbuzi wa mama yake.

Jana Sakaya alipotoa damu ya kwanza shingoni, mama mkwe wangu, sisi tunamwita Yeyo, alisimama pale mpaka mbuzi wa nane. Akauliza wakishatolewa damu wanapewa nini. Sakaya akasema hawapewi kitu, wanarudi kwenye majani. Yeyo akavitazama vile vichupa.

Yeyo anakusalimu.

Namnyaki, mama Nashilu


Levolosi
Jumanne, 11 Februari 2025

Mama Nashilu,

Marahaba. Nimekuzidi miaka kumi na tatu, na usiniulize zaidi ya hapo. Nasoma madaftari ya nyumba sita za huko kwenu na lako ndilo la kwanza kunisalimia. Endelea. Ila pumba na maji uandike pia, maana bosi wangu Dk. Solomoni hasomi salamu.

Kijiko cha Nashilu nimekiingiza. Ni alizeti ya kukamuliwa, haitamdhuru.

Ngoja nikueleze kwa nini weupe hawapewi, ili usituone wachoyo. Mbuzi anayekua anataka nguvu nyingi, na huku mlimani minyoo inamnyonya damu kabla hajaitumia. Wote wanane tuliwapa dawa ya minyoo siku moja, kwa hiyo damu yao wote itapanda kidogo. Swali letu ni moja: je, mafuta yanaongeza kitu juu ya hapo? Nikikuta damu ya wekundu imewazidi weupe, nitasema ni mafuta, kwa kuwa mengine yote ni sawa. Ndiyo maana weupe ni wa muhimu kuliko wanavyoonekana. Ukimhurumia mmoja ukampa kijiko, umeweka kidole kwenye mizani.

Damu ya kwanza, yaani sehemu yake iliyo nyekundu: wengi wana ishirini na mbili kwa mia. Namelok wako ana ishirini, ndiye wa chini kabisa. Mfunue kope la chini uangalie kwa ndani. Likiwa la waridi, sawa. Likiwa jeupe kama karatasi, mwambie Sakaya hapo hapo, usingoje Jumamosi.

Kuhusu mtoto, mimi napima mbuzi, sipimi watu, kwa hiyo kliniki usiache. Lakini nakwambia kama dada: maziwa yatamkuza, damu hayatamwongezea sana. Damu iko kwenye maini, dagaa, maharage na mboga ya mnafu. Mpe hivyo sasa, usimngoje mbuzi azae.

Sabina


Olmotonyi
Jumamosi, 22 Februari 2025

Dada Sabina,

Tangu uliponifundisha mambo ya kope, nyumba nzima inafunuliwa macho. Nashilu kanikuta nikimwangalia Namelok, sasa anawafunua mbuzi, anamfunua paka, jana kamfunua baba yake akiwa amelala, kidole kizima. Gadiel akasema huyu mtoto nimempeleka kozi lini.

Kope la Namelok sasa ni la waridi. Sio waridi ya kukoza, lakini ukimweka karibu na Sidai huoni tofauti. Na manyoya yanang'aa. Wote wanane wanang'aa. Jana Sakaya ametoa damu ya pili, akasema hawa wamenenepa, mama Nashilu unawapa nini? Nikamwambia nawapa kilichoandikwa. Wekundu na mafuta, weupe bila.

Nashilu anakula dagaa. Nimesaga nikachanganya na uji, amekataa, nikachanganya na ndizi akala. Kwa hiyo asante. Nimefurahi kuwa na mtu wa kumuuliza ambaye hanicheki.

Gadiel ameanza kuniambia mbuzi wako. Zamani alikuwa anasema mbuzi wa mradi. Sijamwambia nimesikia, nafurahi tu mwenyewe.

Pumba kilo mbili kila siku, maji ndoo moja asubuhi moja jioni, mafuta ya alizeti vijiko vinane kwa siku. Hakijapotea hata kimoja.

Namnyaki


Levolosi
Jumanne, 25 Februari 2025

Mama Nashilu,

Kuna jambo sielewi, naomba unisaidie.

Damu ya wekundu wako imepanda mpaka ishirini na saba. Vizuri. Damu ya weupe wako nayo imepanda mpaka ishirini na saba. Ningesema ni dawa ya minyoo basi, ila napima pia mafuta yanayotembea ndani ya damu yenyewe. Kwa wekundu yamepanda, ndivyo tulivyotarajia. Kwa weupe yamepanda karibu vilevile. Mbuzi anayekula pumba tupu na majani hawezi kuwa na damu ya namna hiyo.

Nilidhani nimechanganya vichupa. Nikarudia. Ni vilevile. Nyumba nyingine tatu zina utata kama wako, lakini kwako ndiko kunakoonekana zaidi.

Sikutuhumu. Daftari lako ni safi kuliko yote. Angalia tu wanapopita, wanapolamba, wanapookota. Kuna kitu chenye mafuta kinawaingia weupe. Kitafute.

Sabina


Olmotonyi
Jumamosi, 1 Machi 2025

Dada Sabina,

Nimewafuata weupe siku nne, Nashilu mgongoni, nawafuata kama mchungaji asiye na kazi nyingine. Mchana hawali kitu kigeni. Wanakula majani, wanalala, wanapigana vichwa.

Ila nyuma ya banda kuna mparachichi wa baba mkwe, marehemu, aliupanda mwenyewe. Unadondosha sana wakati huu. Juzi nimemkuta Namelok na parachichi lililopasuka, amelila nusu, pua yote ya kijani. Na parachichi ni mafuta matupu, hata mkono ukilishika unateleza. Nimewaza usiku na mchana, nikasema bila shaka ndilo. Nyumba nyingi hapa zina mparachichi.

Kama ndilo, nitaokota kila asubuhi kabla sijawafungulia. Naomba hilo lisihesabiwe kwamba nimevunja masharti, kwa sababu sikuwapa mimi, wamejiokotea. Hao wawili wa kike bado ni wangu, si ndio? Uniandikie hata neno moja tu la ndio.

Namnyaki


Levolosi
Jumanne, 4 Machi 2025

Mama Nashilu,

Ndio. Bado ni wako, hujavunja chochote.

Lakini umenishtua. Majani na magome ya mparachichi ni sumu kwa mbuzi. Yanaharibu chuchu, yanaweza kuharibu hata moyo. Mbuzi wa kike akiyazoea, hayo maziwa unayoyangoja hutayaona. Kuokota hakutoshi, watayafikia matawi. Uwekwe uzio mkubwa wa maana, au mti uondoke.

Nimemweleza Dk. Solomoni, amefurahi tumepata jibu. Nimempigia Gadiel kwa sababu sikutaka kungoja daftari. Amesema uzio ni kazi ya wiki nzima na miti ya uzio hana, ila shoka analo. Nimewaandikia pia nyumba tano zilizobaki maneno hayo hayo, uzio au shoka.

Umefanya kazi ya mtaalamu. Namwambia kila mtu hapa kwamba mama wa la saba ndiye aliyegundua.

Sabina


Olmotonyi
Jumamosi, 8 Machi 2025

Dada Sabina,

Damu ya tatu imetolewa jana. Pumba kilo mbili kwa siku. Maji ndoo mbili. Mafuta vijiko vinane.

Mparachichi umekatwa Alhamisi. Gadiel alianza saa moja asubuhi akamaliza saa nane. Matawi yamechomwa.

Kuhusu weupe sina la kuongeza.

Namnyaki


Levolosi
Jumanne, 11 Machi 2025

Mama Nashilu,

Leo hata habari ya Nashilu hukunipa. Mtoto mzima? Kama ni mgonjwa, acha mbuzi, mpeleke.

Damu ya tatu bado haieleweki. Weupe na wekundu wako sawa kabisa, ishirini na tisa kwa mia, na mafuta yaliyomo ndani ya damu nayo karibu sawa. Mti ulikatwa siku moja tu kabla ya kutoa damu, kwa hiyo sikutegemea yashuke, tutaona damu ya mwisho. Nyumba nyingine tatu nazo ni hivyo hivyo.

Nikwambie kinachokuja. Dk. Solomoni ameshaanza kuandika ripoti. Wekundu wasipowazidi weupe, ataandika kwamba mafuta ya alizeti hayaongezi kitu kwa mbuzi wanaokua, na mpango wa kugawa mafuta kwa nyumba za mlimani utaishia hapo. Mimi binafsi siamini kwamba hayaongezi, kwa sababu nyumba mbili zilizobaki zinaonyesha tofauti nzuri. Lakini mbili haziwezi kushinda nne.

Kwako kumebaki damu moja tu. Kaza moyo, Sidai na Namelok wako mlangoni kuingia kwako.

Mume wa Marta, jirani yako, amesema Jumatatu atakata na wao mparachichi wao. Wewe umewaonyesha njia.

Sabina


Olmotonyi
Jumamosi, 15 Machi 2025

Dada Sabina,

Nashilu ni mzima. Mimi ndiye niliyekosa adabu, na ukisoma mpaka chini utajua kwa nini.

Sio parachichi. Nilipokuandikia tarehe moja nilikuwa naamini ni parachichi, hilo nakuapia. Lakini Jumatano, tarehe tano, kabla mti haujakatwa, nilijua sio.

Jioni ile nilirudi bandani kuchukua ndoo. Nikamkuta Yeyo amepiga magoti kwenye majani, kopo lake liko pembeni, amemwinua Namelok kidevu na anamnywesha kijiko taratibu, kama unavyomnywesha mtoto dawa. Ni mafuta ya kondoo. Wifi yangu alijifungua Januari, kondoo akachinjwa, mafuta yakayeyushwa, na yaliyobaki Yeyo anayo. Amewapa wote wanane kila jioni tangu siku ile Sakaya alipotoa damu ya kwanza. Mimi saa hizo nakuwa jikoni na Nashilu. Mchana niliwafuata, jioni sikuwafuata.

Hakushtuka. Kwa nini ashtuke, yeye hajui kama kuna kosa. Akaniambia nimshikie anayefuata. Nikamshika.

Ninakuandikia hilo ili ulijue lote. Nilimshika yule mweupe wa pili, wa tatu na wa nne, na mkono wangu mwenyewe uliwafungua midomo.

Wewe labda hujui mambo ya kwetu. Mwanamke akijifungua, ametokwa na damu, anapewa mafuta ya kondoo. Sio chakula cha kuchagua, anapewa. Mimi nilipomzaa Nashilu nilitokwa na damu nyingi mpaka wakataka kunishusha hospitali ya Mount Meru usiku. Niliporudi, Yeyo ndiye aliyeninywesha, kikombe asubuhi kikombe jioni, mwezi mzima. Nikitapika ananifuta, anamimina kingine. Kwake yeye aliyetolewa damu ni aliyetolewa damu, awe mtu au mbuzi. Sasa mimi nisimame mbele yake nimwambie umekosea, kwa mdomo ule ule?

Usiku huo nilitaka kumwambia Gadiel asikate. Nikafikiria mkataba. Nikafikiria Sidai na Namelok wanapandishwa kwenye gari. Nikasema ngoja nilale kwanza. Asubuhi nikasikia shoka. Nilichemsha chai nikampelekea pale pale anapokata, dada, na sikusema kitu. Mti wa baba yake. Mimi ndiye niliyeukata kwa kalamu.

Nilidhani nitanyamaza mpaka damu ya mwisho. Ni wiki mbili tu. Lakini umeniandikia kwamba Dk. Solomoni ataandika mafuta hayana kazi, na mimi najua weupe wamekula mafuta. Na Marta anategemea ule mparachichi, ana watoto watatu shule. Jana nimemfuata nikamwambia amzuie mumewe, akaniambia wataalamu ndio walioandika, wewe umekuwa mtaalamu lini? Na walioandika wameandika kwa sababu yangu. Kwa hiyo daftari hili likikufikia leo, naomba mpigie Sakaya kabla ya Jumatatu.

Gadiel nimemwambia jana usiku. Alikaa kitandani akasema "Mti wa baba," basi. Leo hajaniongelesha.

Yeyo nimemwomba aache. Amesema ataacha siku mtakayoacha kuwatoa damu.

Mkataba nimeutoa kwenye Biblia nilipoufungia, nimeubandika hapa kwenye daftari kwa pini. Sharti la nne nalikumbuka bila kusoma. Nyumba isiyofuata, mbuzi wote wanarudi.

Namnyaki


Levolosi
Jumanne, 18 Machi 2025

Namnyaki,

Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, gari la maziwa bado linashusha. Nilikukasirikia. Nimekaa Jumapili nzima nimekukasirikia, kwa sababu nilikusifu mbele ya watu, na kwa sababu ya ule mti. Leo nimepungua.

Kwanza, Marta. Sakaya alifika kwao Jumapili jioni akakuta shoka linanolewa. Wataweka uzio wa mianzi, inatosha. Majani yale bado ni sumu, hilo halijabadilika, lakini hakuna haja ya kuua mti.

Pili, Yeyo. Sisi hatumlishi mbuzi mafuta ya mnyama mwingine. Kuna magonjwa yanapita humo, na mafuta mengi humharibia tumbo. Wako wamepona kwa sababu alikuwa anawapa kijiko tu. Mwambie hivyo kwa heshima zote, kwamba huruma yake ni sawa, kopo ndilo lisilo sawa.

Tatu, kitu ambacho hukukijua. Baada ya barua yako nilimtuma Sakaya aulize nyumba zote, asiulize mama wa nyumba, aulize bibi wa nyumba: mbuzi wakishatolewa damu, wewe unawapa nini? Kwa Marta, mafuta ya kondoo. Nyumba ya juu karibu na msitu, samli. Ya tatu, kondoo tena. Kila mmoja alijibu mara moja na akamshangaa kwa kuuliza. Nyumba mbili zisizo na utata ndizo ambazo hazina bibi.

Kwa hiyo nyumba nne zimetoka kwenye hesabu. Ripoti imesimamishwa. Hatutaandika kwamba mafuta hayana kazi, kwa sababu hatujui bado. Tutaanza upya mvua zikipungua. Mtu pekee aliyesema katika nyumba hizo nne ni wewe, na ulisema ukijua kitakachokupata.

Nne. Sharti la nne linabaki. Gari litakuja Alhamisi ya tarehe ishirini na saba kuchukua mbuzi wa nyumba zote nne. Nimemwomba Dk. Solomoni juu ya wale wako wawili. Hakusema ndio, hakusema hapana. Alisema atakuja mwenyewe na anataka kwanza kumsikia huyo bibi. Usiweke tumaini lako lote hapo. Ninamfahamu, mkataba kwake ni mkataba.

Nami nitakuja. Tutaonana.

Sabina


Olmotonyi
Alhamisi, 27 Machi 2025

Dada Sabina,

Uko hapo nje na mimi niko ndani nakuandikia, utaniona chizi. Nimesema nakuja kuwachemshia chai, na chai kweli iko motoni, lakini kuna maneno siwezi kuyasema mbele ya watu na daftari mnaondoka nalo leo. Kwa hiyo utalisoma njiani.

Kwanza wewe ni mfupi. Nilikuwa nakuona mrefu wa miwani. Uliposhuka ukamchukua Nashilu moja kwa moja ukamfunua kope, nikajua ndio wewe.

Pili, wakati ulipokwenda na Sakaya kutoa boksi kwenye gari, Dk. Solomoni alikuwa anaongea na Yeyo, na hukusikia. Gadiel ndiye aliyekuwa anatafsiri, maana Yeyo Kiswahili chake cha sokoni tu. Daktari alimsalimu vizuri, akakaa kwenye kile kigogo cha mparachichi, akamuuliza kwa nini aliwapa. Yeyo akamtazama kama anamwonea huruma.

"Mmewatoa damu mbele ya macho yangu, mara tatu," akasema, "na hamkuwapa kitu. Nani angewapa?"

Gadiel alisita kutafsiri. Akatafsiri. Daktari akauliza kama mtu angemwambia mapema kwamba hairuhusiwi, angeacha? Yeyo akasema angeuliza kwanza, hairuhusiwi na nani, na huyo mtu amewahi kutokwa na damu? Hapo daktari akacheka kidogo. Akachukua ile karatasi yenu ya maswali, akaipitia juu mpaka chini, akageuza nyuma. Akasema, "Hapa tumeuliza wanakula nini asubuhi na mchana. Hakuna mahali tumeuliza nini kinafanyika baada ya damu." Akaandika kitu pembeni. Sijui ameandika nini.

Tangu hapo hajasema kitu kuhusu mbuzi wangu na mimi sijamuuliza. Nimesikia mlango wa nyuma wa gari ukifunguliwa. Wanawapandisha sasa. Nimehesabu kwa masikio, wanne, watano. Sidai anajulikana, analia kama mlango usiotiwa mafuta.

Sitaki udhani nina kinyongo. Mkataba niliusikia mara mbili, na mkono uliomshika mbuzi ni wangu. Nikikaa nikifikiria, kama ningenyamaza ningekuwa nao sasa hivi, na kila nikimkamua Namelok ningekuwa nakumbuka. Gadiel naye amenirudia. Jumapili baada ya ibada alipanda miche mitatu pale nyuma ya banda, ameileta kutoka kazini, miparachichi ya muda mfupi. Aliizungushia uzio kabla hata hajaimwagia maji. Aliniita nishike kamba wakati anapima mistari.

Mkirudi mvua zikipungua, naomba nyumba hii muihesabu tena. Yeyo nimeongea naye. Kopo ameliweka juu kabisa ya kabati, ila ana sharti lake na yeye anataka liandikwe kwenye karatasi ya daktari: siku ya kutoa damu, wote wanane wapewe kitu. Hata chumvi ya kulamba, hata majani mabichi ya kukatiwa, mradi wapewe sawa na yeye aone. Mimi nadhani hilo halivunji mizani yenu, kama wote wanapata. Wewe utaniambia.

Na huko wanakokwenda, uwaambie yule mweusi pumba yake iloweshwe kidogo kabla, kavu anaipuliza tu. Hapendi kuitwa kwa namba. Na kope lake la kushoto huwa

Gadiel ananiita. Anasema niache chai na niache kalamu, daktari amewashusha wawili wa kike kutoka kwenye gari, amewashika mwenyewe, na Gadiel alipotaka kupokea kamba amemkatalia, anasema kwenye mkataba hakuna jina la mwanaume, hawezi kumpa mtu mwingine ila